Nguvu hazijarudi tangu ile homa: nitembee au nilale?

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Bukavu, "kine" kama watu wanavyotuita, na swali limetoka kwa mama mmoja wa Goma, mtaa wa Ndosho. Nimelifupisha kidogo na kuondoa yale yanayoweza kumtambulisha:

"Kine, nina miaka 37, watoto wanne, ninauza vitenge soko la Virunga. Mwezi wa saba nilishikwa na homa kali siku tano, mwili wote ukauma, harufu ikapotea kabisa, hata maharage yakiungua siyasikii. Walipima malaria, hawakukuta kitu. Homa ikaisha lakini nguvu hazijarudi mpaka leo, na sasa tuko mwezi wa kumi na moja. Kuinuka kwenye kigoda lazima nishike ukuta. Asubuhi nikisimama moyo unaenda mbio na macho yanaingia giza. Juzi Jumamosi nilijisikia mzima, nikafua nguo za nyumba nzima na kuleta maji. Jumapili nikaenda kanisani vizuri. Jumatatu hata kikombe kilinishinda, nikalala mpaka Jumatano. Nimewekewa seramu mara tatu. Muuza dawa mmoja alinipa vidonge vidogo vya kurudisha nguvu, ninavimeza tangu mwezi wa tisa. Hamu ya kula imerudi na uso umejaa, lakini mapaja yanazidi kuisha. Mume wangu anataka nitembee kila asubuhi mpaka jasho litoke. Mama mkwe anasema nilale tu. Wengine wanasema nimerogwa, wengine wanasema ni uvivu. Nifuate nani? Na kabla ya Noeli nataka kupanda boti nilete balo (robota) la vitenge huko kwenu Bukavu. Nitaweza?"

Mama, pole sana. Barua yako ina faida kuliko faili nyingi za hospitali zinazoletwa mbele yangu, kwa sababu umetaja siku. Umesema Jumamosi, ukasema Jumatatu. Kwa ugonjwa wako hizo siku mbili zina uzito mkubwa, na nitazirudia. Ila kwanza tuzungumze juu ya vidonge, maana hapo hakuna kusubiri.

Sijaviona. Lakini nikisikia kidonge kidogo, hamu ya kula inayorudi ghafla, uso unaojaa huku mapaja yanakonda, wazo la kwanza ni deksamethasoni, au ndugu yake prednisoloni. Deksa inauzwa ovyo kama dawa ya kunenepa na ya nguvu, bila karatasi ya daktari. Mahali pake ni dawa nzuri sana: mwaka 2020 ndiyo iliyoonekana kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa wamefikia kuhitaji oksijeni. Ila ukiimeza wiki baada ya wiki inakula misuli, na huanzia kwenye mapaja na nyonga, tena bila maumivu. Mtu anashtuka siku anaposhindwa kuinuka kwenye kigoda, wakati mikono yake bado inakata kitambaa na kuhesabu pesa bila shida. Tena inapandisha sukari na presha, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini.

Sasa unisikilize vizuri: usiviache leo kwa ghafla. Mtu akimeza dawa hii kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zilizo juu ya figo zinazembea, zinaacha kutengeneza homoni ambayo mwili unaihitaji kila siku. Ukikata mara moja, presha inaweza kuanguka, ukatapika, ukazimia, na wapo wanaokufa. Chukua kopo au kikaratasi, na kama hakuna, chukua vidonge vyenyewe, uende kwa daktari wiki hii. Akithibitisha kwamba ni deksa, atakushushia dozi pole pole. Na mapaja yako yatarudi. Misuli iliyoliwa na dawa hii hurudi kwa wiki na miezi baada ya dawa kuondolewa, mradi mtu anakula vizuri na anaitumia misuli hiyo kwa kiasi.

Kuhusu seramu sina maneno mengi. Ile chupa ina maji na chumvi au sukari, pengine na vitamini za kuipa rangi. Inamsaidia anayehara, anayetapika, asiyeweza kunywa. Wewe unakula na kunywa. Pesa ya chupa nyingine nunua mayai na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa.

Mtu akiniambia "sina nguvu" huwa simwamini mara moja, kwa maana kwamba sijui bado ananiambia nini. Yako mambo mawili tofauti kabisa ambayo sote tunayaita hivyo. Kama ungekuwa hapa ningekukalisha kwenye kiti cha kawaida, mikono umeikunja kifuani, nikuombe usimame. Anayeshindwa mara ya kwanza, msuli wenyewe umepungua au neva inayouamrisha ina shida. Anayesimama vizuri mara ya kwanza na ya pili, lakini mara ya kumi anatetemeka, na kesho kutwa yake haamki, huyo misuli yake ipo. Kinachomshinda ni kurudisha nguvu baada ya kuzitumia. Ninaangalia na kandambili. Mtu anatembea kuja mezani kwangu, kandambili inachomoka mguuni na yeye hana habari, anaendelea hatua mbili mpaka anapokanyaga sakafu baridi. Hapo najua neva inayoinua wayo imeguswa, kabla sijafungua mdomo kuuliza. Ninampa kitana ajichane, nione mabega. Ninagonga goti. Goti lisiporuka kabisa ninafikiria neva za miguuni. Likiruka kupita kiasi na miguu ikawa migumu, ninafikiria uti wa mgongo, na hapa Kivu Kusini ninauliza juu ya mihogo pia: konzo ilielezwa na madaktari katika mkoa wetu mwaka 2011, na mtu aliyekula mihogo michungu ambayo haikulowekwa siku za kutosha anaweza kulemaa miguu ghafla, familia ikabaki kusema ni homa ndiyo iliyomshika.

Wewe, kwa jinsi ulivyoeleza, una vyote viwili. Kigoda kinaniambia mapaja yamepungua kweli, na ninavishuku vidonge. Jumatatu inaniambia jambo la pili, ambalo lilianza kabla ya vidonge na litabaki hata vikiondoka.

Kabla sijaendelea nalo, kuna wasomaji wengine ambao hali zao hazingoji jibu la gazeti. Udhaifu unaoanza miguuni pande zote mbili, wenye ganzi au kuwashwawashwa, unaopanda kila siku, ukimfuata mtu aliyekuwa na kuhara au mafua siku chache au wiki chache kabla, unaweza kuwa Guillain-Barré. Hapo kinga ya mwili imekosea, inapiga neva zake yenyewe. Unafika kilele ndani ya wiki mbili hadi nne, na katika wagonjwa kumi wawili au watatu hivi hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akianza kukabwa na mate, sauti ikabadilika, akashindwa kupumua akilala chali, au mkojo ukakataa kutoka, ni hospitali kubwa usiku huohuo. Maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa kahawia iliyokolea: hospitali, figo ziko hatarini. Uso ulioanguka upande mmoja na mkono wa upande huo usio na nguvu: hospitali, huo ni kiharusi. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa kazi baada ya homa ya virusi: daktari wa moyo kwanza, mazoezi yoyote baadaye.

Na mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla lazima aripotiwe kituo cha afya siku hiyo, na wachukue choo chake mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, kwa sababu ya polio. Nchi yetu bado inapambana na polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, inayosambaa pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Tena, mtoto mwenye homa msimkimbizie sindano za matakoni zisizo na sababu. Imejulikana kwa miaka mingi kwamba sindano ya msuli wakati virusi vya polio viko mwilini inaweza kuleta ulemavu katika mguu uleule uliochomwa.

Wewe una mwezi wa nne na hakuna kinachopanda, kwa hiyo sioni Guillain-Barré. Daktari atakayekuona juu ya vidonge mwombe pia apime damu kama inatosha, sukari, presha na VVU, na kama hujapata siku zako apime mimba. Ukikohoa au ukipungua kilo, kipimo cha kifua kikuu. Pesa ikiruhusu, potasiamu, figo na tezi ya shingoni. Nimeona watu wakihangaika miezi na "uchovu wa korona" ambao ulikuwa upungufu wa damu unaotibika kwa vidonge vya madini ya chuma.

Sasa Jumamosi yako.

Ulifua, ukabeba maji, ukajisikia mzima. Jumapili ukajisikia mzima. Anguko likaja Jumatatu. Hii ndiyo alama ninayoitafuta kuliko nyingine yoyote: mwili unaolipa kazi kwa kuchelewa, saa 12, 24, mara nyingine hata 48 au 72 baadaye, na malipo ni makubwa kupita kazi yenyewe. Mtu aliyechoka kawaida anachoka palepale, analala usiku mmoja, anaamka mpya. Wewe umelala mpaka Jumatano. Kupotea kwa harufu kunanielekeza kwenye korona, ingawa bila kipimo cha wakati ule hakuna atakayekuwekea mhuri. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba dalili zinazoonekana miezi mitatu baada ya maambukizi, zikadumu angalau miezi miwili, bila ugonjwa mwingine wa kuzieleza, ndiyo hali inayofuata korona. Virusi vingine huacha alama hiyohiyo. Wale waliopona Ebola ya Beni na Butembo, epidemia iliyotangazwa Agosti 2018 ikafungwa Juni 2020, zaidi ya watu elfu moja walitoka wakiwa hai, na wengi wa waliopona Ebola, kule Afrika Magharibi na kwetu, wamebaki na maumivu ya viungo, macho yanayosumbua, na uchovu usioelezeka kwa jirani.

Kwa hiyo, anayesema ni uvivu mwambie hivi. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free huko London ilifungwa kwa zaidi ya miezi miwili kwa sababu watu karibu 300, karibu wote wafanyakazi, wauguzi na madaktari, waliangushwa na ugonjwa uliowaacha na misuli dhaifu na uchovu uliowarudia baada ya kila juhudi. Miaka 15 baadaye madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba ilikuwa hofu ya wanawake iliyoambukizana, bila kuwapima wagonjwa wenyewe. Maneno hayo yaliwafuata wagonjwa kwa miaka mingi. Yananiumiza hadi leo, kwa sababu nasikia yaleyale Kadutu hapa Bukavu na Birere kule Goma, kwa Kiswahili. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha kazi yao: walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kwa watu wenye korona ya muda mrefu, kabla ya kuwapandisha baiskeli na baada yake. Baada ya zoezi, sehemu za chembe zinazotengeneza nguvu zilifanya kazi vibaya zaidi, na msuli wenyewe ulionyesha majeraha zaidi kuliko wa watu wenye afya waliopewa zoezi hilohilo. Jeraha linaonekana kwa darubini. Hakuna uvivu unaoonekana kwa darubini. Na kuhusu kurogwa, mama, mwenye kukuombea na akuombee, hilo halizuii kwenda hospitali.

Baba watoto, hapa naongea na wewe. Najua unamtakia mema. Mtu aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, ukimtembeza kila siku zaidi ya jana anapona, na hiyo ndiyo tunayoijua wote. Sisi wa tiba ya viungo tulifundishwa hivyo na tuliwafanyia hivyo hata wagonjwa wa aina hii, wengi wakazidi kuanguka. Uingereza, shirika la NICE linaloandika miongozo ya tiba, mwaka 2021 liliondoa mazoezi ya kupandisha kila wiki kwa lazima katika tiba ya wagonjwa wenye uchovu wa namna hii. Kumtembeza mkeo mpaka jasho litoke, kwa hali aliyo nayo sasa, ni kumrudishia Jumatatu kila wiki. Mama yako naye, aliyeshauri kulala, ameona nusu ya jambo. Kitanda kikizidi, misuli inaisha haraka, mtu mzima anaweza kupoteza nguvu ya miguu ndani ya siku chache, damu inazembea kwenye mishipa, na kizunguzungu kinazidi. Mkeo anahitaji kazi ndogo ambayo hailipizwi kisasi.

Mama, wewe ni mfanyabiashara, utanielewa haraka. Kila siku unaingia sokoni na mtaji fulani wa nguvu. Ukila faida tu, kesho duka linafunguka. Jumamosi ulikula mtaji. Shida ni kwamba hujui mtaji wako ni kiasi gani, kwa sababu anayekutoza anakuja baada ya siku mbili. Kwa hiyo tutauhesabu.

Tafuta daftari la shule. Kila jioni andika mistari miwili mitatu: ulifanya nini kikubwa, ulisimama muda gani, ulilala vipi. Andika hata hasira na misiba, maana ugomvi wa nyumbani na kukesha kwenye kilio vinakula nguvu sawa na kufua. Siku ukianguka, usijiulize umefanya nini leo. Rudi nyuma kurasa mbili. Baada ya wiki mbili hivi utaanza kuona mpaka wako mwenyewe, pengine ni saa mbili za kusimama, pengine ni nusu ya hapo. Kisha unaishi chini ya huo mpaka, hata siku unayojisikia vizuri. Hasa siku unayojisikia vizuri, maana ndiyo inayotudanganya wote.

Kwa vitendo: bidoni la lita 20 ni kilo 20, na kulibeba juu ya mawe ya volkano ya Ndosho ni kazi ya miguu, mgongo na kifua kwa pamoja. Liache. Maji yaletwe na vijana wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya mizigo) au pikipiki kama pesa ipo, na kama haipo, watoto walete kwa madumu ya lita tano, kila mmoja lake, wavulana pia. Nakuomba lakini usimtoe binti mkubwa shule akusaidie. Nimeona ugonjwa wa mama ukigharimu masomo ya mtoto, na hasara hiyo haitibiki. Nguo zifuliwe kwa siku mbili au tatu, chache chache, ukiwa umekaa, na wewe ubaki na zile nyepesi. Mbabula (jiko la makaa) ipandishe juu ya matofali ili upike umeketi kwenye kiti cha kawaida badala ya kuinama na kuinuka kwenye kigoda. Maharage yachambue ukiwa umekaa, mboga zikatwe ukiwa umekaa, uoge umekaa. Sokoni fungua nusu siku kwanza, na ukubaliane na jirani wa meza ya pili akuangalizie ulale chali robo saa kabla ya kuchoka. Kabla, mama. Pumziko linalokuja baada ya kuchoka limechelewa. Na lile pumziko liwe pumziko: macho yamefungwa, simu iko mbali.

Moyo unaoenda mbio ukisimama ni kitu kingine tunachokiona sana baada ya virusi, na unaweza kukipima nyumbani ukiwa na mtu karibu. Lala dakika kumi, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika moja nzima. Simama umeegemea ukuta, uhesabu tena baada ya dakika mbili, tano na kumi. Ukiona giza, kaa, usishindane. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya hizo dakika kumi, pamoja na kizunguzungu, mwonyeshe daktari hizo namba, zitamsaidia. Kinachosaidia ni maji ya kutosha, lita mbili na zaidi kwa siku, glasi moja kubwa kabla ya kutoka kitandani. Kuamka kwa hatua, kukaa kwanza ukingoni na kukunja wayo juu na chini mara nyingi kabla ya kusimama. Kitenge kilichofungwa kwa kukaza tumboni, chini ya kitovu mpaka mbavuni, kinazuia damu kushukia chini, na hicho unacho dukani. Chumvi ya ziada husaidia pia, lakini usiiguse mpaka upime presha, kwa sababu kama vidonge vyako ni deksa presha inaweza kuwa tayari juu.

Mapaja tutayafanyia kazi, kwa unyenyekevu. Kaza paja ukiwa umelala chali, goti limenyooka, hesabu mpaka tano, achia. Mara tano kila mguu. Kisha kunja magoti, inua makalio kidogo kutoka kitandani, shusha, mara tatu tu. Basi. Fanya siku moja, kaa siku mbili bila kufanya ukiangalia daftari. Hakuna anguko, rudia. Ukipita wiki mbili nzima bila anguko, ongeza kitu kimoja: ama mara mbili zaidi, ama kuinuka kwenye kiti kirefu ukitumia mikono. Usiongeze zoezi wiki uliyoongeza saa za soko. Ukianguka, rudi ngazi moja chini, usijilaumu, na usisubiri mpaka upone kabisa ndipo uanze tena. Kula protini kila mlo, siyo jioni peke yake: maharage, sambaza, mayai, soya ya uji, sombe (kisamvu) yenye karanga. Msuli haujengwi kwa bugali peke yake.

Msomaji ambaye hana anguko la kuchelewa, aliyetoka tu hospitalini amekonda miguu, njia yake ni nyingine na ni rahisi zaidi. Huyo ainuke kitini bila mikono mara nyingi awezavyo kwa utulivu, mara tatu kwa wiki, ainuke kwa ncha za vidole vya miguu akishika ukuta, atembee mahali tambarare kwa mwendo anaoweza kuzungumza bila kukata maneno, aongeze kila wiki. Atachoka, atalala, ataamka na nguvu zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye ambaye mume wako angeweza kumtembeza.

Hapo Goma wapo wenzangu wanaofanya kazi hii, Heal Africa na kituo cha Shirika la Umoja. Ukifika, jambo la kwanza mweleze Jumamosi na Jumatatu yako, kabla hajakupandisha kwenye chombo chochote. Akikuambia ujikaze tu, mwonyeshe daftari.

Itachukua muda gani? Wengi huona nafuu ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kupanda na kushuka. Wapo wanaobaki na mpaka kwa miaka, wakajifunza kuishi nao. Umri wako, harufu ikianza kurudi, na vidonge vikiondolewa vizuri, vinanipa matumaini ya kweli. Unaweza kuona mapaja yanaimarika kabla ya uchovu, usishangae.

Na boti. Ikiwa wiki tatu za mwanzo wa Desemba zitapita bila anguko, na daktari ameshaona vidonge, njoo. Usije na kurudi siku moja. Panda chombo ambacho utapata mahali pa kunyoosha miguu, lala Bukavu kwa ndugu au rafiki, siku inayofuata usifanye chochote, uuze siku ya tatu. Kutoka bandarini mpaka Kadutu ni kupanda mlima mtupu, kwa hiyo uweke kando pesa ya teksi tangu Goma. Balo usiliguse hata kidogo, wala kulisukuma kwa mguu. Mwachie mbeba mizigo wa bandarini, hata akikudai zaidi ya ulivyozoea.